KRISMASI YA UKOO IMEGEUKA MNADA: WATOTO WA MJINI, WAACHENI WAZEE WA UGOGO WAPUMUE

Wadau, msimu ndio huo umeingia. Stendi ya Nanenane haipitiki, tiketi za SGR zinagombaniwa, na kwenye makundi ya WhatsApp ya koo za Dodoma moto umewaka tangu Oktoba. Wenyewe wanauita "maandalizi". Kamati imeundwa, mwenyekiti yupo, katibu yupo, na yule mweka hazina ambaye kila ukoo unaye na kila ukoo unamwogopa ameshatupia namba yake na maneno yale yale: tuma na ya kutolea.

Basi chukua ukoo mmoja, jina kapuni, asili yao vijiji vya upande wa Mvumi. Bibi mwenyewe ana watoto tisa walio hai, wajukuu wamesambaa kuanzia Makole hadi Mbagala, vitukuu ndio usiseme. Wakikutana wote wanafika 60 na ushee. Kamati ikakaa (yaani watu watatu wenye magari wakapigiana simu) ikatoka na kiwango: mwenye familia Sh200,000, ambaye hajaoa au hajaolewa Sh100,000, halafu fulana ya ukoo Sh25,000 kila kichwa, mpaka kitoto kinachonyonya. Fulana ina jina la babu mgongoni na mwaka wa Krismasi kifuani.

Kilichofuata kila mtu anakijua kwa sababu kila kundi linafanya hivyo. Orodha. Majina yote yanapangwa, aliyelipa anawekewa alama ya vema, aliyeahidi anaandikiwa "ahadi", na ambaye hajasema kitu jina lake linabaki tupu. Orodha hiyo inarudishwa kundini asubuhi na jioni kama dozi ya malaria. Kaka mkubwa wa Dar anatuma laki tano, anapigiwa makofi ya vikatuni. Dada anayefanya kazi Mji wa Serikali pale Mtumba anatuma laki tatu na neno la "tujitahidi ndugu zangu". Kwenye namba 8 kuna jina la kitinda mimba, dereva wa bodaboda wa hapo hapo kijijini, na mbele yake peupe. Wiki ya kwanza peupe, wiki ya tatu peupe. Wiki ya tano akajitoa kwenye kundi.

Huyu ndiye anayelala nyumba ya pili kutoka kwa bibi. Bibi akipandisha presha usiku, pikipiki inayompeleka Hospitali ya Mvumi ni yake. Mvua ikinyesha, mtu wa kwanza kuingia shamba la bibi na jembe ni yeye na mke wake. Mchango wake kwa ukoo ule ni wa siku 365, ila mweka hazina hana safu ya kuuandika. Tarehe 23 akasema amepata kibarua cha kubeba magunia Kibaigwa, akaondoka. Ndugu 60 wakala pilau wamevaa fulana za aina moja, bibi akawa anauliza tu, mwanangu wa mwisho yuko wapi? Akaambiwa amebanwa na kazi.

Sasa huo ni mkusanyiko wa ukoo au ni kumbi za harusi za mjini, hakuna kuingia bila kadi?

Kuna watetezi wa utaratibu huu na hoja yao siyo ya kitoto. Wanasema bila kiwango, mzigo wote unamwangukia mtu mmoja mwenye kipato, anachoka, mwaka wa tatu haji tena. Kweli kabisa. Kuna ndugu ambao kazi yao ni kula na kusema nyama ilikuwa ngumu, hao wapo kila ukoo na hawaponi. Lakini kuchangiana Ugogo hakukuanza na simu za kutuma pesa. Watu walikuja na walichonacho: huyu debe la mtama, yule kuku wawili, mwingine karanga, mwingine mlenda uliokaushwa ukatwangwa tangu msimu uliopita, na asiye na kitu alichanja kuni au alichota maji. Hakuna aliyesimama uwanjani kusoma nani kaleta debe na nani kaleta kibaba. Tatizo siyo mchango. Tatizo ni kiwango kimoja cha fedha taslimu kwa mhasibu na kwa dereva wa bodaboda, halafu kutangazana.

Na hizo fulana! Fulana 60 kwa Sh25,000 ni Sh1,500,000. Zinavaliwa siku moja, zinapigiwa picha, mwezi wa pili unaziona zinafutia pikipiki. Wakati huo huo Desemba ndiyo mwezi ambao majina ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yanatoka. Ada ya shule za serikali ilifutwa tangu Januari 2016, sawa, ila sare haikufutwa, viatu havikufutwa, madaftari na godoro la bweni havikufutwa. Kwenye ukoo huo huo wenye milioni moja na nusu ya fulana, mjukuu mmoja amechaguliwa na baba yake anahangaika kukopa ya begi. Amevaa fulana ya ukoo, anatabasamu kwenye picha, tarehe 10 Januari hajui ataenda na nini. Hilo halikuwa kwenye ajenda ya kamati.

Tukio lingine, hili la mastaa. Yupo dada mmoja wa kwenye tasnia, jina kapuni, mtu wa Dodoma kwa baba japo kwenye mahojiano anapenda kusema ni wa "mjini kati". Huyu akija kijijini Desemba haji peke yake, anakuja na mpiga picha. Bibi yake anakalishwa kwenye kigoda mbele ya tembe la zamani, siyo mbele ya nyumba ya bati aliyojengewa na wanawe miaka mingi iliyopita, kwa sababu bati "halina hisia". Anaambiwa asivae gauni lake la kanisani, avae kaniki na lile shuka lililochakaa. Analetewa kiroba cha mchele na mafuta ya kupikia, anaombwa apokee taratibu. Halafu apokee tena, maana mara ya kwanza jua lilikuwa limefifia. Mama mtu mzima, mshirika wa Umoja wa Akina Mama kanisani, mwanamke aliyelea watoto kwenye miaka ya njaa, anapokea kiroba kile kile mara tatu.

Mitandaoni watu wakamwagika machozi, wakamsifu staa kwa moyo wake. Ila pale kijijini watu hawakulia. Walinuna. Maana wanajua bibi yule siyo fukara. Ana ng'ombe, ana shamba la alizeti na wana wanaomtunza. Aliyekuwa fukara siku ile ya kupiga picha hayupo kwenye video, yupo nyuma ya kamera anahesabu "views".

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo watu wa Dodoma wanalijua na hawapendi kulizungumza mbele ya wageni. Mgogo amebeba utani wa ombaomba kwa miaka mingi. Akifika Dar akasema kwao Dodoma, utani wa kwanza ni huo. Chanzo cha utani kina historia ya kuumiza, siyo ya kuchekesha: nchi kavu, mvua ya msimu mmoja tu kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka wa kawaida haivuki sana milimita 600. Njaa ya Mtunya, iliyoanza 1917 baada ya majeshi ya vita ya Wazungu kupita yakichukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo, iliua watu wengi na kutawanya waliobaki. Watu walihama kutafuta chakula. Hiyo ndiyo mizizi ya kutoka kwenda mbali kuomba riziki, na waliobaki wakaendelea kulima na kufuga hadi leo.

Sasa mtoto wa Kigogo aliyefanikiwa anafanya mambo mawili yanayopingana. Mmoja anamwaga pesa kwenye maturubai, jenereta na spika ili majirani na watani waone kwamba "kwetu siyo kama mnavyosema". Mwingine anamgeuza bibi yake kuwa ombaomba wa kwenye simu ili apate wafuasi. Wote wawili wanaishi ndani ya utani wa watu wengine. Wachaga wakipanda kwenda Moshi kila Desemba wanatambiana nao, wanachinjiana, magari yanapangana njia nzima, lakini angalau pale kila mtu anajua anakwenda kwao, hata aliyefulia anapanda basi na atakula kisusio kama wengine. Hilo ndilo la kuiga, siyo msururu wa magari.

Haya, tuingie jikoni, maana huko ndiko kwenye dhambi ambayo hakuna anayeitubu.

Kamati ya maandalizi mara nyingi ni ya wanaume na mashangazi wawili wenye sauti. Wanaopika ni wakwe. Wake wa kaka, yaani wale walioolewa kwenye ukoo, pamoja na mabinti ambao hawajaolewa. Saa kumi alfajiri tarehe 25 wapo kwenye mafiga. Maji ya Ugogo siyo ya kufungua bomba popote, madumu yanabebwa. Mchele unachambuliwa, mbuzi kutoka mnadani Msalato anachunwa, vitunguu vinamenywa ndoo nzima. Saa tatu familia inatoka kwenda kanisani, imependeza, fulana zimenyooshwa. Wao wanabaki. Wanasikia ngoma na zeze za kwaya kwa mbali, wanaijua Krismasi imefika kwa sababu moshi umewaingia machoni.

Imani yenyewe ililetwa huku na wamisionari waliopiga kambi Mpwapwa miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ina umri tangu 1927. Karibu miaka 100 ya kuhubiri, na kuna mkwe kwenye ukoo wa Kianglikana ambaye tangu aolewe hajawahi kukaa kwenye benchi la kanisa siku ya Krismasi! Akisema amechoka, wifi anamuuliza kama kwao hawakumfundisha kazi. Na wifi huyo huyo, akirudi kwa wakwe zake yeye, analia kwa shoga yake kwenye simu kwamba wamemfanya punda. Mnajuana.

Dawa yake ni nyepesi mpaka inachekesha. Pilau siyo lazima iive saa sita. Watu wote waende kanisani, warudi, wanaume wachinje na wabebe maji, chakula kiliwe saa kumi jioni. Au kuleni ugali wa uwele na mlenda na maziwa ya mgando mchana, kitu ambacho watoto wa mjini wanakikimbilia hotelini kukilipia na kukiita chakula cha asili, nyama isubiri jioni. Nani kasema Yesu hazaliwi bila pilau?

Na kwa kuwa ni Krismasi, wanaopenda kunukuu maandiko kwenye kundi wakumbuke kwa nini Yusufu alitoka Nazareti kwenda Bethlehemu. Hakwenda kula sikukuu. Alikwenda kwa amri ya Kaisari Augusto, watu waandikwe orodha, kila mtu mjini kwao. Akafika kwao, kwenye mji wa ukoo wake kabisa, na mke mjamzito, akakosa nafasi. Mtoto akalazwa horini na waliokuja kwanza ni wachungaji wa mifugo, watu waliokuwa kazini usiku. Ukoo wa leo umesoma habari hiyo yote kila mwaka ukaamua kumchagua Kaisari: umeweka orodha, umeweka kiwango, na mchunga mifugo wa ukoo amebaki Kibaigwa.

Lakini yote hayo ni cha mtoto. Kimbembe chenyewe ni tarehe 26.

Siku ya kupeana zawadi, zamani ilikuwa ya kutembeleana, watoto wanapelekwa kwa shangazi, wazee wanaulizana habari za mvua. Siku hizi ni siku ya "kikao cha ukoo", na kwenye vijiji vinavyozunguka jiji kikao hicho kina harufu moja tu, viwanja. Tangu Serikali itangaze mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kweli kweli, na Dodoma ikatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, mashamba ya mtama ya Ihumwa, Nzuguni, Nala na Msalato yamekuwa dhahabu. Shamba ambalo babu alikuwa anapigana na ndege wa kula uwele, leo mtu anakuja na futi kamba.

Ukoo wa pili, jina nalo kapuni, upande wa Ihumwa. Kuna mheshimiwa mmoja wa ukoo huo, mtu wa suti na tai, ambaye kwa miaka sita hakuonekana Krismasi hata moja. Mwaka ule akaja. Akaleta ng'ombe mzima, akamletea baba mkubwa koti, akacheza na watoto, wazee wakasema damu nzito kuliko maji. Tarehe 26 baada ya chai akatoa karatasi kwenye bahasha. Muhtasari wa kikao cha ukoo. Ulikuwa umeshachapwa! Kikao hakijakaa, muhtasari upo, na ndani yake imeandikwa kwamba ukoo kwa kauli moja umeridhia eka kadhaa za marehemu babu ziuzwe. Wazee wawili wasiosoma wakapelekewa kidau cha wino watie dole gumba, tumbo limejaa nyama ya ng'ombe wake. Nani atakataa dole siku ya pili baada ya kula ng'ombe wa mtu?

Mashangazi walipouliza wakaambiwa nyie mmeolewa, haki yenu iko kwa waume zenu. Hapo mheshimiwa alidanganya, na anajua kwamba alidanganya, maana amesoma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Kuolewa hakumfuti mtu kwenye mali ya baba yake. Na ardhi ya kijiji haihami mkono kwa mkono kwa karatasi ya kwenye bahasha, Halmashauri ya Kijiji ina kauli yake. Shangazi mmoja, mwalimu mstaafu, akaichukua ile karatasi, akaisoma yote kwa sauti, neno kwa neno, kisha akaikunja akaiweka kwenye pochi yake ya kanisani. Akasema kikao kikitaka kukaa kikae mwezi wa saba, watu wameshavuna, wana akili timamu, na majirani wa mipakani wawepo. Mheshimiwa aliondoka jioni ile ile. Krismasi iliyofuata "alibanwa na majukumu".

Wakuu wa koo, hilo la mwezi wa saba liandikeni mahali. Desemba ni mwezi mbaya wa kuamua mali Ugogo. Mavuno yalikuwa Mei na Juni, ghala limeshuka, njaa inachungulia, mvua ndiyo kwanza inaanza na mbegu inatakiwa kesho. Mzee mwenye ghala tupu anatia dole kwenye chochote. Anayekuja na karatasi mwezi huo anajua anachofanya.

Na hapo hapo ndipo wageni wa mjini wanapokosea hata bila nia mbaya. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, nauli ya kawaida Sh31,000 na safari ya saa nne hivi kutoka Dar, kuja kumekuwa rahisi, jambo jema mno. Lakini watu 60 wanaingia kwenye mji wa bibi katika siku zile zile ambazo mvua ya kwanza imenyesha na kila kaya inatakiwa iwe shambani. Siku nne nzima za kupanda zinaliwa na maturubai. Wageni wanaondoka tarehe 27 na picha, bibi anaingia shambani amechelewa, na uwele ukichelewa Ugogo hausubiri mtu, mvua ikikata Februari ndiyo basi. Halafu mwezi wa sita wanashangaa kwenye kundi: mbona bibi hajavuna?

Ukoo wenye watu 60 wenye nguvu, asubuhi ya tarehe 24, kabla ya mkesha, wakiingia shambani kwa bibi saa kumi na mbili mpaka saa nne, wanamaliza eka ambazo kitinda mimba na mke wake wangezihangaikia wiki mbili. Watoto wa Mbagala watashika jembe kwa mara ya kwanza, watatoka malengelenge, watacheka. Fulana ya Sh25,000 igeuzwe mbegu ya alizeti na uwele. Ng'ombe achinjwe, sawa, nani anakataa nyama. Aliye na laki tano atoe laki tano kimya kimya kwenye mkono wa bibi, kama mtu aliyelelewa.

Na mweka hazina, kabla hujatupia tena ile orodha jioni hii, mpigie namba 8. Usimtumie meseji, mpigie. Mwambie Mbukwa, muulize shamba limefikia wapi, mwambie mama anataka kumwona tarehe 25 na pikipiki yake aipaki mbele kabisa, pale mnapopakiga magari.